KITI NI CHA ALIYEPIGA KURA
Mbunge aliyechaguliwa mara tatu ndipo akakalia kiti kimoja: safari ya Julian Bond wa Georgia

(Hii ni hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya semina ya elimu ya uraia katika ukumbi wa kanisa. Tunaichapisha kwa ukamilifu kwa kuwa wasomaji wengi waliokuwapo wameiomba.)



Nimeombwa nizungumze juu ya swali ambalo huulizwa katika kila semina ya namna hii: kiti cha Mbunge ni mali ya nani? Je, ni mali ya chama kilichompa tiketi? Ni mali ya Bunge lenyewe, hata wenzake wakikasirika waweze kumfukuza? Au ni mali ya wale waliotoka alfajiri, wakapanga foleni, wakatia kura zao sandukuni wakarudi nyumbani?

Ningeweza kulijibu swali hili kwa kuwasomea vifungu vya katiba, nanyi mngesinzia. Badala yake nitawasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekuwa mjumbe wa bunge la jimbo huko Marekani. Jina lake Julian Bond, na jimbo lake ni Georgia. Kisha nitarudi hapa nyumbani, kwa maana mwaka ule ule alipofungiwa mlango wa Bunge, sisi nasi Kenya tulikuwa tukiandika sura yetu ya jambo lilo hilo.

Kwanza tuelewane juu ya mambo mawili. Marekani ni muungano wa majimbo, na kila jimbo lina bunge lake, lenye uwezo wa kutunga sheria za shule, polisi, uchaguzi, ardhi na kodi. Mjumbe wa bunge kama hilo ana mamlaka makubwa kuliko mwakilishi wa wadi katika mabunge ya kaunti tuliyoyapata sisi mwaka 2013. Pili, mjumbe wa Georgia huchaguliwa kwa miaka 2 tu. Kila baada ya miaka miwili hana budi kurudi kwa wenye kiti.

Mizani iliyopotoka

Kabla ya kumtaja mtu, tuitazame mizani aliyopimiwa. Kwa miaka mingi Georgia iligawa viti vya Baraza lake la Wawakilishi kwa kufuata kaunti, wala si kwa kufuata watu. Kwa hesabu ya mwaka 1960, kaunti ya Fulton, lilimo jiji la Atlanta, ilikuwa na watu 556,326, nayo ilipewa wajumbe 3. Kaunti ndogo ya Echols ilikuwa na watu 1,876, nayo ilikuwa na mjumbe 1. Pigeni hesabu wenyewe. Mkulima mmoja wa Echols alikuwa na uzito wa watu wapatao mia moja wa mjini. Wengi wa Weusi walioweza kupiga kura walikuwa mjini.

Msicheke. Katika uchaguzi wetu wa Desemba 1992, Rais Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura, na KANU ikapata viti 100 kati ya 188. Upinzani uligawanyika, hilo ni kweli na ni aibu yetu. Lakini mipaka ya maeneo ya uchaguzi nayo ilikuwa imefanya kazi yake kimyakimya kabla ya mtu yeyote kupiga kura.

Kule Marekani mizani ilirekebishwa na mahakama. Kati ya miaka 1962 na 1964 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu kadhaa, baadhi zikiihusu Georgia yenyewe, zilizoweka msingi kwamba kura ya mtu mmoja iwe na uzito sawa na ya mwenzake. Georgia ikalazimika kugawa upya viti vyake na kuitisha uchaguzi maalumu mwaka 1965. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Kijana wa jarida

Julian Bond alizaliwa Januari 1940 katika mji wa Nashville. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi aliyeongoza Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo ambacho hapo awali kilikuwa kimewasomesha Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana. Kijana akaenda kusoma Morehouse, Atlanta. Mwaka 1960, wanafunzi Weusi wa Kusini walipoanza kuketi katika mikahawa ya Wazungu na kukataa kuondoka, Bond aliliongoza kundi lililoingia katika mkahawa wa ofisi za halmashauri ya jiji. Wakakamatwa.

Mwezi Aprili mwaka huo kikaundwa chama cha wanafunzi kilichojulikana kwa herufi SNCC, naye akawa miongoni mwa waasisi wake. Kazi aliyopewa haikuwa ya kupanda jukwaani. Alikuwa mtu wa habari: aliandika taarifa, alipigia magazeti simu, alihariri jarida la chama. Nyinyi mnaopokea jarida hili na kulipitisha mkono kwa mkono baada ya ibada mnaijua thamani ya kazi hiyo. Mtu akipigwa kijijini na habari zisitoke, amepigwa mara mbili.

Kuna uzi mmoja unaotuunganisha sisi na vijana hao. Desemba 1963, mwezi ule ule Kenya ilipopata Uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alifika Atlanta. Vijana wa SNCC wakaenda hotelini kumsalimu na kumwimbia nyimbo zao za uhuru. Walipotoka wakaingia mkahawa wa karibu, wakanyimwa huduma kwa rangi yao, wakakamatwa. Waziri wa nchi changa ya Afrika alikaribishwa katika hoteli, na raia wa nchi ile wasipewe kikombe cha kahawa katika mtaa huo huo. Likumbukeni jina la Jaramogi, nitalirudia.

Mwaka 1965 Bond, akiwa na umri wa miaka 25, aligombea kiti cha eneo la 136 mjini Atlanta kwa tiketi ya chama cha Democratic. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wanataka nini, badala ya kuwaambia yeye anataka nini. Akazungumzia mshahara wa chini wa dola 2 kwa saa, na kufutwa kwa hukumu ya kifo. Mwezi Juni alishinda kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Huo ndio ushindi wa kwanza.

Siku ya kiapo

Januari 3, 1966, katika mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama, kijana Mweusi aitwaye Sammy Younge, aliyekuwa ametumikia jeshi la wanamaji la nchi yake, aliuawa kwa risasi katika kituo cha petroli baada ya ugomvi uliotokana na choo cha Wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa taarifa. Ilisema kwamba serikali inayodai kupigania uhuru wa watu wa Vietnam imeshindwa kuwalinda raia wake yenyewe, na kwamba chama kinawaonea huruma vijana wasiotaka kuitikia mwito wa kwenda vitani.

Bond hakuiandika taarifa ile. Mwandishi wa redio alipompigia simu na kumwuliza kama anaiunga mkono, alijibu kwamba ndiyo. Alisema yeye ni mtu asiyeamini vita. Hakuchoma kadi yake ya jeshi wala hakumshauri mtu yeyote achome yake.

Wajumbe 75 wakaandika malalamiko kwamba mtu huyu hafai kuapishwa. Januari 10, wenzake walipoinua mikono kula kiapo, karani wa Baraza alimwamuru Bond asimame kando. Kamati ikamhoji siku hiyo hiyo. Jioni Baraza lilipiga kura: wajumbe 184 walitaka asiapishwe, 12 walitaka aapishwe.

Tazameni kwa makini sababu waliyoitoa, maana wenye nguvu kamwe hawasemi kwamba wanamfukuza mtu kwa kuwa hawampendi. Walisema hivi: kiapo kinamtaka mjumbe aiunge mkono Katiba. Bond amesema maneno ambayo kwa maoni yetu hayapatani na kiapo hicho. Kwa hivyo hata akiapa, hataapa kwa moyo wa kweli. Yaani walijitwalia kazi ya Mungu ya kuipima mioyo ya watu.

Wapiga kura warudi tena na tena

Sasa sikilizeni waliyoyafanya wapiga kura wa eneo la 136, watu wa kawaida wa mitaa ya Atlanta.

Kiti kilipotangazwa kuwa wazi, sheria ilimlazimu Gavana aitishe uchaguzi mdogo. Ulifanyika mwezi Februari 1966. Bond akasimama tena, wananchi wakamchagua tena kwa wingi mkubwa. Huo ukawa ushindi wa pili. Kamati ya Baraza ikamwita na kumwuliza kama sasa anayafuta maneno yake. Akakataa kuyafuta. Nao wakakataa kumpa kiti. Kiti kikabaki kitupu, na watu wa eneo lile wakakaa mwaka mzima bila mtu wa kuwasemea, huku wakiendelea kulipa kodi.

Ukaja uchaguzi wa kawaida. Mwezi Septemba Bond alishinda mchujo wa chama chake, na Novemba 8, 1966 akashinda uchaguzi wenyewe. Huo ukawa ushindi wa tatu, katika muda usiotimia miezi kumi na minane.

Wahubiri waliomo humu wanakijua kisa cha Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme alikuwa na mashamba mengi, lakini alilitaka lile moja ambalo mwenyewe amekataa kuliuza. Na njia ya kulipata haikuwa panga bali mashahidi wa uongo na kikao kilichoitishwa kwa heshima zote. Watu wa eneo la 136 walikuwa Nabothi. Walisema urithi wetu hatuuzi, wakalisema neno hilo mara tatu.

Mahakama yasema

Wakati huo kesi ilikuwa ikipanda ngazi. Miongoni mwa walioifungua pamoja na Bond alikuwamo Dkt. Martin Luther King. Hakushtaki kama kiongozi mashuhuri. Alishtaki kama mkazi wa eneo lile: mpiga kura aliyenyang'anywa mjumbe wake. Sisi mawakili twapaswa kuisoma mara mbili hati ile ya mashtaka, kwa maana inatuonyesha ni nani hasa anayedhulumiwa Mbunge anapofungiwa mlango.

Katika mahakama ya kwanza walishindwa, majaji wawili dhidi ya mmoja, Jaji Elbert Tuttle akipinga hukumu ya wenzake. Wakakata rufani. Desemba 5, 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi, nao ulikuwa wa kauli moja. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren.

Nitaieleza kwa maneno yangu. Alisema kwamba Bunge lina haki ya kumtaka mjumbe ale kiapo, lakini halina haki ya kukitumia kiapo hicho kama kisingizio cha kuwafungia nje wenye mawazo yasiyopendwa. Walio wengi wakipewa uwezo wa kupima unyofu wa moyo wa walio wachache, hapatabaki mpinzani hata mmoja ndani ya nyumba. Aliongeza kwamba mjumbe si kama raia wa kawaida anayeweza kunyamaza akitaka. Ana wajibu wa kusema msimamo wake juu ya mambo yenye utata, ili waliomtuma wajue wamemtuma nani, na wapate kumrudisha au kumwondoa wao wenyewe.

Januari 9, 1967, siku moja tu kabla ya mwaka kutimia, Julian Bond aliapishwa.

Wiki moja baadaye

Ningependa kukomea hapo tupige makofi. Lakini wanamageuzi wanaolishwa hadithi tamu tu hudhoofika, kwa hivyo nitaongeza la uchungu.

Katika uchaguzi ule ule wa Novemba 1966, hakuna mgombea wa ugavana wa Georgia aliyepata zaidi ya nusu ya kura. Aliyeongoza kidogo alikuwa Howard Callaway. Aliyemfuata alikuwa Lester Maddox, mwenye mkahawa aliyekuwa amepata sifa kwa kuwafukuza wateja Weusi mlangoni pake. Katiba ya Georgia ilisema kwamba hali hiyo ikitokea, Bunge ndilo litakalomchagua Gavana. Watu wakaenda mahakamani wakitaka uchaguzi urudiwe na wananchi wenyewe. Desemba 12, 1966, siku saba baada ya hukumu ya Bond, Mahakama ya Juu ile ile iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba Bunge laweza kumchagua Gavana. Na Bunge la Georgia, siku moja baada ya Bond kuapishwa, likamchagua Maddox, aliyekuwa wa pili.

Fundisho ni lipi? Ni kwamba mahakama ni ngao nzuri lakini haifuniki mwili mzima. Anayengoja jaji amfanyie kazi ya mpiga kura atangoja sana.

Miaka ishirini ya kazi

Bond alikaa katika Baraza la Wawakilishi hadi 1975, kisha akaingia Seneti ya jimbo alikokaa hadi 1987. Ni mihula minne katika nyumba ya kwanza na sita katika ya pili. Kila baada ya miaka miwili alirudi kuomba kura, na kila mara alirudishwa.

Mwaka 1968 jina lake lilivuma nchi nzima. Katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago aliongoza ujumbe uliopinga ujumbe rasmi wa Georgia kwa kuwa ulichaguliwa kwa upendeleo, na mkutano ukaamua viti vya Georgia vigawanywe nusu kwa nusu. Hapo jina lake likapendekezwa kwa nafasi ya Makamu wa Rais. Akajitoa, kwa sababu Katiba inataka miaka 35 naye alikuwa na 28.

Lakini kazi nzito ya mbunge haifanywi mbele ya kamera. Hufanywa katika kamati, juu ya ramani na takwimu. Mwaka 1981 Georgia ilipokuwa ikichora upya mipaka ya viti vyake katika Bunge la taifa, Seneta Bond alileta mswada wa eneo moja la Atlanta ambamo Weusi wangekuwa asilimia 69. Wenzake wakapitisha ramani yao yenye asilimia 57, wakijua kwamba kwa hali ya uandikishaji wa wakati ule, wingi huo ungekuwa wa karatasi tu. Mahakama ya Washington iliikataa ramani hiyo mwaka 1982, ikaona kwamba ilichorwa kwa nia ya ubaguzi. Ramani mpya ikawa na takriban asilimia 65.

Na hapa ndipo maisha ya mwanasiasa yanapokuwa mtihani. Mwaka 1986 kiti cha eneo lile kikawa wazi. Bond aliacha Seneti akakigombea. Mpinzani wake mkubwa alikuwa John Lewis, rafiki yake wa miaka 25, aliyekuwa mwenyekiti wa SNCC na aliyevunjwa kichwa na polisi katika daraja la Selma mwaka 1965. Mwezi Agosti Bond aliongoza kwa asilimia 47 dhidi ya 35 za Lewis. Lakini sheria ilitaka zaidi ya nusu. Katika marudio ya Septemba, baada ya kampeni chungu iliyouumiza urafiki wao, Lewis alishinda kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Bond alishindwa katika shamba alilolifyeka kwa mikono yake mwenyewe.

Je, alikimbilia kusema kura zimeibwa? Aliwaita vijana wafunge barabara? Hapana. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtu aliyedai mbele ya mahakama kuu ya nchi yake kwamba kiti ni cha mpiga kura, alipoambiwa na mpiga kura kwamba safari hii nampa mwingine, alikaa chini. Akawa mwalimu wa vyuo vikuu, na kuanzia 1998 hadi 2010 akawa mwenyekiti wa chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, NAACP. Alifariki Agosti 2015. Lewis alikitumikia kile kiti hadi alipofariki Julai 2020.

Turudi nyumbani

Niliwaambia mlikumbuke jina la Jaramogi.

Aprili 1966, wakati kiti cha Bond kikiwa kitupu kule Atlanta, Bunge letu lilibadilisha Katiba kwa haraka ya kutisha. Jaramogi na wenzake walikuwa wamejitoa KANU na kujiunga na KPU. Sheria mpya ikasema kwamba Mbunge anayekiacha chama kilichomdhamini hupoteza kiti na kurudi kwa wapiga kura. Nitasema haki hata kwa wasioistahili: kanuni hiyo, ukiitazama peke yake, ina hoja. Mtu akibadilisha bendera, si vibaya awaulize waliomtuma. Lakini sheria hii ilishonwa kwa kipimo cha miili ya watu fulani, baada ya tendo lao, na waliokuwa wameacha KADU mwaka 1964 wakajiunga na KANU hawakuwa wameulizwa neno. Mwezi Juni ukafanyika ule unaoitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo, kwa viti 29. KPU ikarudi na 9. Bildad Kaggia akaanguka. Jaramogi akarudishwa na watu wa Bondo.

Mpaka hapo, ndugu zangu, Bondo na eneo la 136 la Atlanta walikuwa sawa. Mbunge wao alipokonywa kiti, nao wakamrudisha. Njia zikaachana baadaye. Oktoba 1969 KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Uchaguzi wa 1969 ukafanyika bila Jaramogi. Katika chaguzi zilizofuata alizuiwa na chama kisichokuwa na mshindani. Watu wa Bondo walimpata tena kwa kura mwaka 1992, naye akafariki Januari 1994. Bond alifungiwa nje kwa mwaka mmoja. Jaramogi alifungiwa kwa miaka 23.

Tofauti hiyo imetoka wapi? Msidhani wajumbe wa Georgia walikuwa watu wema kuliko Wabunge wetu. Kura 184 dhidi ya 12 si kura ya watu wema. Tofauti ilitokana na nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza: jina la Bond halikuweza kuondolewa kwenye karatasi ya kura. Bunge lilimfungia mlango wa ndani, lakini halikuweza kumfungia mlango wa nje. Sisi tulipoandika Sehemu ya 2A mwaka 1982 tuliufunga mlango wa nje kwa sheria, na mwaka 1988 tukaupigilia misumari kwa mlolongo. Wazee wetu mlisimama nyuma ya picha za wagombea hadharani, mkihesabiwa mbele ya chifu aliyewajua kwa majina. Aliyepata asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Mlioona mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu mko humu ndani.

Nguzo ya pili: uchaguzi mdogo haukuwa hisani ya mtu. Sheria ilimlazimu Gavana kuuitisha, hata kama matokeo yake yalijulikana kuwa yatawatia aibu waliomfukuza Bond.

Nguzo ya tatu: majaji waliomsikiliza Bond hawakuweza kufukuzwa kazi kwa hukumu yao. Hapa kwetu, mwaka 1988 Katiba ilibadilishwa ili majaji wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani waondolewe kwa amri ya Rais, na ulinzi wao ukarudishwa mwaka 1990 tu baada ya kelele nyingi. Katika miaka hiyo, nani angethubutu kuandika hukumu kama ya Warren?

Katiba ya 2010 imezisimamisha nguzo hizi upya. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 38 kinalinda haki ya kugombea na ya kuchagua kwa siri. Lakini Kifungu cha 103 bado kinasema Mbunge anayejiuzulu kutoka chama chake, au anayehesabiwa na sheria kuwa amejiuzulu, hupoteza kiti. Neno hilo 'anayehesabiwa' ni dogo, lakini ni tundu ambalo mwenye chama aweza kupitishia mkono. Kiongozi wa chama anapoanza kusema fulani amejihesabu nje kwa maneno aliyosema mkutanoni, jiulizeni: huyu anailinda tiketi, au anaupima moyo wa mtu kama walivyofanya wale 184?

Tufanye nini

Nina mambo manne ya kuwaachia.

La kwanza, andikisheni watu kura wakati hakuna uchaguzi. Watu wa Atlanta walishinda mara tatu kwa sababu daftari lilikuwa limejaa kabla ya vita kuanza.

La pili, fuatilieni mipaka. Tume inapotangaza kwamba inasikiliza maoni juu ya maeneo ya uchaguzi, ukumbi huwa mtupu, kisha baada ya miaka mitano tunalia. Pelekeni watu wanaojua hesabu.

La tatu, Mbunge wenu akiadhibiwa kwa kusema mliyomtuma aseme, msimwachie yeye peke yake kesi. Fungueni kesi nyinyi, wapiga kura, kama alivyofanya Dkt. King. Kiti kilichoibwa ni chenu.

La nne, na hili ni gumu zaidi: mgombea wenu akishindwa kwa haki, mkubalini aliyeshinda. Hatuwezi kuidai kura siku tunaposhinda na kuitukana siku tunaposhindwa. Makanisa yana kazi hapa, maana padri au mchungaji aliyemhubiri mgombea mmoja mwaka mzima hatasikilizwa siku atakapohubiri utulivu.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya mawakili na ya wasomi. Wapiga kura wa eneo la 136 wengi wao walikuwa watu wa vibarua, wapishi, wafua nguo na wafagiaji. Waliielewa hoja ya kesi kabla Mahakama ya Juu haijaiandika, kwa sababu walijua ni nani aliyeuweka mwili wake kwenye foleni mara tatu kwa ajili ya kiti kimoja.

Nasi tuwe tayari kurudi kwenye foleni.